Mwenye Nyumba ya Wageni na Dinari Mbili: Neno kwa Wakandaji na kwa Sharika

Neno la kutafakari: Luka 10:30–37



Habari ya Msamaria mwema twaijua sote tangu shule ya Jumapili. Hata mtoto mdogo aweza kuisimulia: njia ya kushuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi, kuhani aliyepita kando, Mlawi aliyepita kando, na yule mgeni aliyesimama. Lakini yuko mtu mmoja katika habari hii ambaye wahubiri wengi humpita upesi, kama kuhani alivyompita majeruhi. Mtu huyo ni mwenye nyumba ya wageni. Hatukuambiwa jina lake, wala kabila lake, wala kama alikuwa mcha Mungu. Twajua jambo moja tu, ya kuwa alikabidhiwa mwili wa mtu aliyeumizwa, akapewa dinari mbili, akaagizwa amtunze.

Angalieni vema. Msamaria alitunza bure, kwa huruma, hata kesho yake asubuhi. Mwenye nyumba alitunza kwa ujira, siku zilizofuata. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja, kama tusomavyo katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Basi mtu huyu alipokea ujira wa siku mbili, pamoja na ahadi ya kulipwa zaidi kama gharama itazidi. Wala Bwana Yesu hakumlaumu kwa kupokea fedha. Hakusema kwamba utunzaji wa kulipwa si utunzaji. Bila mtu huyu wa kulipwa, huruma ya Msamaria ingaliishia njiani; kwa maana Msamaria alikuwa na safari yake, naye majeruhi hakuweza bado kusimama.

Tumeona vema kuleta neno hili mwezi huu kwa sababu ya swali ambalo walimu wa sharika kadha wa kadha wametuletea. Ni swali juu ya Wakristo wafanyao kazi ya kukanda miili ya watu kwa mshahara, kazi ambayo mijini huitwa masaji. Je, ni kazi impasayo Mkristo? Je, aifanyaye aweza kuimba katika kwaya, kufundisha watoto, kuikaribia Meza ya Bwana? Katika usharika mmoja binti aliyekuwa akiimba kwaya tangu kipaimara chake aliambiwa na wazee akae nyuma mpaka atakapoiacha kazi hiyo. Hapana aliyemwuliza afanya nini hasa, wala alisha nani kwa mshahara wake. Aliinama, akakaa nyuma Jumapili tatu; Jumapili ya nne mahali pake palikuwa patupu. Ndugu, jambo hili si dogo. Nafsi moja i hatarini, na pamoja nayo nafsi za wale waliohukumu kabla ya kusikia.

Kazi hii ilivyo

Kukanda si jambo geni kwetu. Mwambao, mwanamke akiisha kujifungua, mkunga au mama mzazi humkanda kwa maji ya moto. Bara, mtu aliyetegua kifundo cha mguu hutafutiwa mzee mwenye mkono mwepesi, akachuliwa kwa mafuta. Mtoto mchanga hupakwa mafuta na bibi yake, akanyooshwa viungo kimoja kimoja, naye hulala usingizi mzuri. Katika hayo yote hapana aonaye haya. Haya ilianza kazi ilipotoka uani ikaingia mjini, ikawekewa kibao mlangoni na bei ukutani.

Lakini haja ya watu ni ile ile. Mjini Moshi hushuka watu wa mataifa mengi watokao kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, miguu yao imekaza kama magogo; hutafuta mtu wa kuwachua. Katika hoteli za Zanzibar ni vivyo hivyo. Dar es Salaam yuko dereva akaaye nyuma ya usukani tangu alfajiri, na karani ainamaye juu ya meza mchana kutwa. Shingo zao na migongo yao yauma. Hospitalini yuko aliyepigwa na kiharusi, ambaye mkono wake utakauka kama haukunyooshwa kila siku. Mikono ya kuwahudumia watu hawa haina budi kutoka mahali fulani, na mwenye mikono hiyo hana budi kula.

Wala Kanisa letu halina sababu ya kuiona kazi hii kuwa ya kipagani. Katika nchi ya Uswidi, nchi ya Kilutheri tangu zamani, alizaliwa mwaka 1776 mtu mmoja aitwaye Per Henrik Ling, mtoto wa mchungaji. Mwaka 1813 alianzisha mjini Stockholm chuo cha mazoezi ya mwili, kwa msaada wa serikali. Chuoni humo wanafunzi walifundishwa pia mazoezi ya kuwasaidia wagonjwa, na kati ya hayo kusugua na kukanda viungo. Kutoka huko elimu hiyo ilienea katika nchi nyingi za Ulaya.

Tena, aibu tunayoiogopa sisi leo wengine waliiona kabla yetu. Mwaka 1894 katika mji wa London jarida la madaktari liliandika kwamba nyumba nyingine zilizojiita nyumba za kukanda zilikuwa kwa kweli nyumba za uasherati. Walikuwako wanawake wanne waliojifunza uuguzi na ukunga, nao walikuwa wakiifanya kazi ya kukanda kwa uaminifu: Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer. Wangaliweza kuiacha kazi ili kuponya majina yao. Hawakuiacha. Waliunda chama cha wakandaji waliofundishwa, wakakiwekea sheria kali: mgonjwa akandwe kwa agizo la daktari, kazi isitangazwe magazetini ila katika magazeti ya madaktari, mkandaji asiwauzie wagonjwa dawa, na mwanamume asikandwe isipokuwa kwa haja maalum iliyoombwa na daktari. Mwaka 1920 chama hicho kilipewa hati ya mfalme. Ndicho kilichokuwa mzizi wa kazi ya fiziotherapia katika Uingereza. Wanawake hao waliufukuza uchafu kwa kanuni, na kazi yenyewe ikabaki.

Na katika vita kuu ya mwaka 1914 hata 1918, askari wengi walipofuka macho. Mwaka 1915 ilifunguliwa London nyumba iitwayo St Dunstan's, iliyoanzishwa na Arthur Pearson, mwenye magazeti, ambaye naye alikuwa kipofu. Wale askari walifundishwa kazi mbalimbali ili wasiwe waombaji njiani, na baadhi yao walifundishwa kukanda, wakatumwa hospitalini kuwahudumia askari wenzao waliojeruhiwa. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyenyang'anywa macho na vita alitumia vidole vyake kumrudishia mwenzake nguvu za mguu. Tunayemdhania kuwa ndiye majeruhi wa kubebwa, Mungu aweza kumfanya kuwa mwenye nyumba ya wageni.

Kwetu nako, mwaka 1971 ilifunguliwa mjini Moshi hospitali kubwa ya KCMC, chini ya shirika lililochukua jina la Msamaria Mwema huyu wa Luka 10. Katika hospitali hiyo vijana wengi wamefundishwa fiziotherapia, yaani kuwarudishia watu nguvu za viungo kwa mazoezi na kwa mikono. Waliolichagua jina hilo hawakusema ya kwamba madaktari na wauguzi wa Msamaria wasipewe mshahara. Walijua ya kuwa habari ya Msamaria ina watu wawili wa kutunza, mmoja mwenye mnyama wa kupanda na mmoja mwenye nyumba ya kulipiwa.

Amri nne na mkono wa mkandaji

Ikiwa kazi yenyewe ni njema, basi yatupasa kuuliza afanyaje yule aifanyaye. Mwenye nyumba hakupewa dinari ili akae nazo, aliagizwa kutunza. Nasi tuliolelewa katika Katekisimo Ndogo hatuna haja ya kutafuta kanuni mbali. Amri nne zatutosha.

Amri ya tano yakataza kuua. Na Luther atufundisha ya kuwa amri hiyo yatuagiza pia kumsaidia jirani katika haja zote za mwili wake. Kwa hiyo mkandaji ajue mahali mkono wake unapofaa na mahali unapoweza kuua. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, lisichuliwe hata kidogo; huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande chake kikisukumwa chaweza kwenda mapafuni na kumwua mtu. Mfupa uliovunjika haukandwi. Mwenye homa kali hakandwi. Jeraha bichi na ngozi yenye ugonjwa hazikandwi. Tumbo la mwanamke mwenye mimba lisikandwe kwa nguvu, wala mtoto asigeuzwe kwa mikono ya mtu asiyefundishwa, kwa maana kondo la nyuma laweza kubanduka, na mama na mtoto wakafa. Mzazi naye asimwagiwe maji yanayounguza kwa kisingizio cha desturi. Kifua kikiuma, na maumivu yakaenea katika mkono wa kushoto, hiyo si kazi ya mafuta. Ni kazi ya hospitali saa ile ile. Mgongo uumao wiki nyingi pamoja na kukonda na kutoka jasho usiku, huenda una kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na mwenye kuumwa mgongo akianza kulegea miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mkandaji amwambiaye mteja wake, "Ndugu, hili si langu, nenda kwa daktari," amepoteza ujira wa saa moja, naye huenda ameokoa maisha ya mtu. Msamaria aliposhindwa kuendelea alimkabidhi majeruhi kwa mwingine. Kumkabidhi mtu kwa mwenye kujua zaidi ni sehemu ya kumtunza.

Amri ya sita yataka usafi wa moyo, wa maneno na wa matendo. Mwili uliolala mbele ya mkandaji umemwamini. Basi aufunike kwa shuka safi, afunue mahali anapopakanda tu, kisha afunike tena. Kabla ya kugusa aulize. Akiambiwa basi, aache. Mahali pa siri pasiguswe. Kucha zake ziwe fupi, mikono ioshwe kwa sabuni, na shuka ya mtu mmoja isitandikiwe mtu wa pili kabla haijafuliwa. Mteja akitamka neno chafu, au akiushika mkono wa mkandaji kwa nia mbaya, kazi imekwisha. Mlango na ufunguliwe. Na bwana mwenye nyumba ya biashara amwambiaye binti ya watu kwamba mteja hakataliwi neno lo lote, huyo ni mmoja wa wanyang'anyi wa njia ya Yeriko, ijapokuwa amevaa suti na kuketi ofisini. Binti aliyeletewa sharti kama hilo na akimbie, nasi usharika na tuwe mahali pa kukimbilia.

Amri ya saba yakataza wizi. Saa moja iliyolipiwa ni dakika sitini. Mafuta ya nazi yaliyouzwa kwa jina la nazi yawe ya nazi. Tena uko wizi wa ahadi, nao ni mbaya kuliko wizi wa fedha. Kukanda kwema hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu kwa muda, humpa mtu usingizi na raha. Hayo ni mengi, na ni kweli. Lakini kukanda hakuondoi saratani, wala hakumfanyi mwenye kisukari aache dawa zake. Amwahidiye mtu maskini uponyaji huo ili aje mara kumi amwuzia mtu huyo tumaini ambalo yeye mwenyewe hana. Mwajiri naye asikilize: mshahara wa mkandaji uliozuiliwa wapiga kelele, na Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, atuonya ya kuwa kelele hiyo husikiwa mbinguni.

Amri ya nane yahusu ulimi. Mtu akilala kifudifudi, mgongo wake ukalegea, ulimi wake nao hulegea. Atasema habari za ndoa yake, za deni lake, za mwanawe aliyepotea. Mgongo wenyewe husema hata asiposema yeye. Mkandaji huona makovu ambayo hata ndugu hawakuyaona. Hayo yote ni amana. Yasipelekwe kisimani wala sokoni. Ila kama ni habari ya mtoto anayeumizwa, au ya mtu anayetaka kujiua, hapo kunyamaza si uaminifu tena, na msaada hauna budi kutafutwa upesi. Tena mkandaji asimwambie mtu ya kuwa maumivu yake yametupwa na jirani kwa uchawi. Neno kama hilo limevunja nyumba nyingi katika nchi yetu, na wazee wasio na hatia wameuawa kwa ajili yake. Hapo mkono umetuliza bega, na ulimi umeua mtu.

Neno kwa wakandwao na kwa wazee wa sharika

Sasa na tugeuke, kwa sababu ni rahisi kumhubiri mtu asiyekuwapo. Wako Wakristo waendao kukandwa. Ndugu mteja, mtu akukandaye si chombo cha kukodi. Anao mgongo naye, na jioni wauma. Mwamkie kwa jina lake. Oga kabla ya kwenda. Mweleze kweli ugonjwa wako na dawa utumiazo, maana ukificha wamtia yeye na wewe katika hatari. Mlipe bila kumkopesha maneno. Nawe mwanamume uendaye kutafuta uchafu kwa jina la masaji, usijifiche nyuma ya binti. Siku zote usharika huuliza habari za mwanamke aliyefungua mlango, usimwulize mwanamume aliyebisha hodi. Lakini Mungu amemwona aliyebisha.

Nanyi wazee wa kanisa, na walimu wa sharika, tunasema nanyi kwa heshima, kwa kuwa mzigo wenu twaujua. Ni wajibu wenu kulinda kundi, na kama mtu auza mwili wake au wa mwenzake, hamwezi kulifunika jambo hilo. Mwonyeni kwa upole, mara ya kwanza faraghani, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Lakini kuonya kwataka kwanza kujua. Amri ya nane haikuandikwa kwa wakandaji peke yao. Yatuagiza sote kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema kadiri iwezekanavyo. Basi kabla ya kumwondoa mtu mahali pake, nendeni mkaketi naye. Mwulizeni: Wafanya kazi wapi? Mlango wa chumba ukoje? Mwajiri wako akutaka nini? Wapata mshahara wako? Je, umefundishwa hatari za kazi hii? Maswali hayo ni ya wachungaji. Swali la kuuliza tu kama afanya masaji au hafanyi, hilo ni swali la mlinzi wa lango.

Mkiona ya kuwa kazi yake ni safi, mrudisheni kwenye kiti chake mbele ya watu, kama mlivyomwondoa mbele ya watu. Na yule binti tuliyemtaja, wazee wa usharika wake wasingoje arudi mwenyewe. Waende nyumbani kwake, wawili, mchana, wabishe hodi. Kuhani na Mlawi hawakumpiga majeruhi. Walipita kando tu, nao wakahesabiwa kuwa na hatia. Sisi tumefanya zaidi ya kupita kando ikiwa tumemkuta mtu amesimama, tukamlaza wenyewe.

Iko pia njia iliyo bora kuliko kukataza. Usharika wenye vijana wafanyao kazi hii na uwaite wote pamoja. Mwombeni muuguzi au mtu wa fiziotherapia aje siku moja awafundishe zile hatari tulizozitaja. Wapeni nafasi ya kusema matata yao bila kuogopa. Wale wanawake wanne wa London walianza kwa kukaa pamoja; peke yake kila mmoja angalikuwa na jina la kuchafuliwa tu.

Wala asidhani mtu ya kuwa neno hili ni la wakandaji wa mjini peke yao. Katika nyumba zetu nyingi amelala mzee aliyepigwa na kiharusi, na mkwe au mjukuu ndiye mtunzaji wake. Mgeuzeni ubavu kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulala. Nyosheni vidole vyake, kiwiko na goti polepole, kila siku, bila kulazimisha. Msimvute kwa mkono uliolegea, kwa maana bega lake latoka upesi mahali pake. Paka mafuta, useme naye, hata kama hajibu. Tena watu wa nyumba hiyo wamkumbuke mtunzaji. Mara nyingi ni mwanamke mmoja tu, hapewi dinari hata moja, wala hapana amwambiaye, "Mama, pumzika leo, nitakaa mimi."

Mkono wa Bwana

Ndugu, tungaliishia hapa tungekuwa tumehubiri sheria tupu, na sheria peke yake haimwinui aliyeanguka. Tumwangalie basi Bwana mwenyewe. Angaliweza kuponya kwa neno, na mara nyingine alifanya hivyo. Lakini mwenye ukoma alipomjia, Marko 1, alinyosha mkono akamgusa kabla ukoma haujaondoka. Mkwewe Simoni alimshika mkono akamwinua. Usiku ule wa mwisho alijifunga kitambaa, akashika nyayo za watu wazima kumi na wawili, zenye vumbi la njiani, akaziosha. Mwana wa Mungu hakuona ya kuwa mwili wa mtu ni kitu cha chini mno kwa mikono yake.

Na zaidi ya hayo, alikubali kutunzwa. Kule Bethania, Marko 14, mwanamke alimmiminia marhamu ya thamani kichwani, na watu waliokuwapo wakanung'unika. Walisema maneno mazuri, wakataja maskini. Bwana aliwanyamazisha. Alisema ya kuwa mwanamke huyo ametenda jambo jema juu ya mwili wake, naye akauhesabu utunzaji ule kuwa maandalio ya maziko yake. Basi mwili huo uliopakwa mafuta na mwanamke ndio uliopigwa, ndio uliotundikwa, ndio uliowekwa kaburini, ndio uliofufuka. Twakiri kila Jumapili ufufuo wa mwili. Kama twakiri kweli, basi kila mgongo uliochoka ulalao mbele ya mkandaji ni kitu ambacho Mungu amekusudia kukifufua. Mkono uwekwao juu yake hauna ruhusa ya kuwa mchafu, wala wa haraka, wala wa dharau.

Sisi sote tuliokuwa tumelala njiani tuliinuliwa na Msamaria huyu, na gharama yetu ameilipa yeye, si kwa fedha wala dhahabu. Akiisha kutuinua hutukabidhi sisi kwa sisi. Humpa huyu mikono, na yule nyumba, na mwingine dinari mbili, akatuagiza tutunzane mpaka atakaporudi. Mwenye nyumba ya wageni alifanya kazi yake ya siku zile huku akijua neno moja: yule bwana atapita tena njia hii, ataingia ndani, atamtazama mgonjwa kwanza, kisha ndipo atafungua mkoba. Naye mkandaji afanye vivyo hivyo, na mteja, na mzee wa kanisa, na yule aliye peke yake kando ya kitanda cha baba yake.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyenyosha mkono wako kwa mwenye ukoma, iweke mikono yetu safi. Wabariki wote wapatao riziki yao kwa kutunza miili ya wengine; wape akili ya kujua mipaka yao, moyo wa kukataa uovu, na ujira wa haki. Uwarudishe waliosukumwa nyuma nasi bila kusikilizwa. Wafariji walalao kitandani na wale wawageuzao usiku. Utakaporudi, utukute tungali tunatunza uliotukabidhi. Amina.